Jemima na Kiti cha Kulia

Siku Jemima Kakepetum alipofika kwenye kampuni ya ndege ya Hollinrake kuomba kazi ya urubani, alikuwa amevaa suruali iliyopigwa pasi na viatu vyeusi vya ngozi, na leseni yake ilikuwa ndani ya bahasha mpya. Rubani mkuu wa kampuni, mzee wa Kifini aitwaye Reino Hautamaki, aliitazama leseni kidogo tu, akamrudishia. Kisha akamtazama miguu.

"Hivyo viatu ni vya harusi?"

"Ni vya usaili, mzee."

"Usaili umekwisha. Kuna magunia ya unga kule nje na ndege inataka kuondoka. Glavu ziko nyuma ya mlango."

Hivyo ndivyo marubani wanavyopatikana katika kampuni ndogo za kwetu kaskazini mwa Ontario. Mtu huja na leseni yake na saa chache za kuruka alizozikusanya chuoni, naye hupewa kwanza kazi ya chini: kupakia mizigo, kujaza mafuta, kufagia theluji juu ya mabawa, kuivika injini blanketi zake ili baridi isiiue. Hakuna anayemwambia atakaa chini kwa muda gani. Rubani mkuu hutazama tu. Hutazama nani hufika kabla ya kuitwa, nani humshika mkono kikongwe anayepanda ngazi, nani hununa upepo unapoanza kuuma. Nafasi ikitokea angani, humchukua mmoja wa wale wa chini akamketisha kiti cha kulia, kando ya kapteni. Wengine huendelea na unga.

Reino alipenda kusema kwamba leseni humwonyesha mtu alivyoruka siku ya mtihani, lakini uwanja humwonyesha atakavyoruka siku amechoka. Jemima alikubaliana naye. Alizichukua glavu akatoka, na viatu vile vya ngozi havikufaa kitu tena baada ya siku hiyo.

Alikuwa amezaliwa Wapistan, kijiji cha Waanishinini, wenyeji wa asili wa huko, kando ya ziwa la jina hilohilo, mahali ambapo barabara hupatikana maziwa yakishaganda tu. Wakati mwingine wote kila kitu huingia kwa ndege, kuanzia maziwa ya watoto na misumari mpaka daktari na jeneza. Watoto wa Wapistan huzijua ndege kwa mlio. Jemima alipokuwa mdogo alikimbia na wenzake mpaka kwenye uzio wa uwanja kila mlio uliposikika, nao walisimama pale wakimsubiri rubani ashuke. Marubani walikuwa vijana wa kusini. Walishusha mizigo, walipiga miayo, waliondoka, na mwaka uliofuata zilikuja sura nyingine.

"Shangazi, marubani wanatoka wapi?" alimuuliza siku moja shangazi yake Ruby.

"Wanatoka wanakotoka."

"Mbona hakuna wa hapa?"

"Wa hapa nani? Mjomba wako Elias? Huyo hata mtumbwi anaugonga gati."

Swali lile halikumtoka. Kama watoto wote wa vijiji vyetu, alipomaliza shule ya kijijini ilimbidi aende kusoma sekondari mjini, akalala katika nyumba ya watu asiowajua, akalia, akazoea. Kisha halmashauri ya kijiji ikamlipia chuo cha urubani kule Thunder Bay. Siku alipopata leseni, Shangazi Ruby, ambaye ndiye msomaji wa namba za bingo katika redio ya kijiji, alikatisha mchezo katikati.

"Wekeni kalamu chini," alisema redioni. "Mtoto wetu Jemima ni rubani sasa."

Watu walipiga simu kumpongeza. Mmoja wao alipiga kumkumbusha kwamba alikuwa anasubiri namba moja tu ashinde.

Tangu siku hiyo Wapistan nzima ilikuwa ikimngoja. Ndege ya Hollinrake ilipotua, watu walitazama kwanza kioo cha mbele. Bibi yake, Juliette, ambaye zamani alikwenda uwanjani alipokuwa na kifurushi cha kupokea tu, sasa alikwenda kwa kila ndege.

Naye Jemima alikuwa chini, kwenye kituo cha kampuni kule Fenwick, akipakia ndege hizohizo. Kila asubuhi aliikabidhi ndege ya Pilatus kwa wenzake ikiwa na joto na mafuta, akaondoa vizuizi vya magurudumu, akarudi nyuma na kuinua mkono. Ndege ilikimbia, ikanyanyuka, ikageukia kaskazini. Yeye alikunja kamba na kusukuma mkokoteni, lakini ndani alikuwa akisafiri nayo. Sasa wameuvuka mto. Sasa wako juu ya msitu ulioungua. Sasa wanakiona kisiwa kile kilichopinda kama goti, na kapteni anapunguza nguvu za injini, na moshi wa nyumba za Wapistan unasimama wima kwa sababu leo hakuna upepo. Akifika hapo, mara nyingi kulikuwa na mtu anayemwita kwamba lori la mafuta limekuja.

Siku moja baridi ilizidi hata ndege zikazuiwa zisiruke. Jemima aliingia bandani, akapanda ndani ya Pilatus akaketi kiti cha kulia. Vyombo vyote vilikuwa vimezimwa. Hakugusa kitu. Mwenzake wa kupakia, Tristan Oakeshott, kijana mrefu kutoka Oakville aliyekuja mwaka mmoja baada yake, alichungulia mlangoni.

"Tunakwenda wapi, kapteni?"

"Nyumbani."

"Kwako au kwangu?"

"Kwangu. Kwenu kuna foleni ya magari."

Tristan alicheka, akapanda na kukaa kiti cha kushoto, akajifanya anaongea na mnara wa kuongozea ndege. Walikuwa marafiki wa kweli wawili hao. Walipeana soksi kavu, na Jemima ndiye aliyemfundisha kufungua kifuniko cha mafuta bila kuvua glavu.

Kiti cha kwanza kilichotokea baada ya Jemima kufika kilikwenda kwa kijana aliyekuwa amemtangulia kazini, na hilo lilikuwa haki. Cha pili kilikwenda kwa Dale, mwenye mke na mtoto mchanga, aliyekuwa akilalamika kila siku kwamba ataacha kazi. Jemima alimpongeza Dale. Kisha, Novemba ya mwaka wake wa pili, rubani mmoja akachukuliwa na shirika kubwa la ndege la kusini, kama wanavyochukuliwa wote wakishapata saa za kutosha, na kiti kikabaki wazi. Uwanja mzima ulijua kwamba safari hii ni zamu ya Jemima. Hata mpishi wa mkahawa wa uwanjani alianza kumwita kapteni na kumwongezea mayai.

Reino aliwapandisha wawili kwa majaribio, Jemima na Tristan, kila mmoja siku yake, katika ndege tupu iliyokuwa inakwenda kuchukua mizigo. Jemima aliruka vizuri. Alijua hivyo, kwa sababu Reino hakugusa usukani hata mara moja, na walipotua katika upepo wa ubavuni mzee yule alikuwa akimenya chungwa.

Siku iliyofuata alimwita nyuma ya banda, akammiminia kahawa katika kifuniko cha chupa yake. Alipoona kahawa ile Jemima alijua. Reino hakuwa mtu wa kugawa kahawa.

"Nimempa Tristan," alisema Reino.

Jemima alishika kifuniko kwa mikono miwili. "Niliruka vibaya?"

"Hapana. Uliruka vizuri kuliko yeye."

"Basi?"

"Larocque, yule mwenye kampuni kule Manitoba, anampigia simu. Nikimnyima kiti ataondoka wiki hii, na Krismasi ndiyo hiyo, nitabaki bila watu. Unaelewa?"

"Na mimi?"

"Wewe?" Reino alishangaa kidogo, kama aliyeulizwa jina la mama yake. "Wewe ni wa hapa, binti. Hawa wa kusini wanapita tu. Wewe nikikuweka kwenye kiti utakaa mpaka uzeeke. Wewe ndiye ninayekutegemea. Kwa hiyo hata ukingoja kidogo, hakuna kinachoharibika."

"Yaani nangoja kwa sababu naaminika."

"Ukisema hivyo linasikika vibaya."

"Lisemwe vipi, mzee?"

Reino alitazama uwanja, ambako theluji nyepesi ilikuwa ikikimbia juu ya lami. Kahawa ya Jemima ilipoa bila kunywewa.

Tristan alimtafuta mchana huohuo kwenye chumba cha mizigo, uso umemwiva kwa aibu.

"Dada, mimi sikuomba wakupite."

"Ulisema utaondoka."

"Nilisema tu! Kila mtu anasema. Dale alisema. Mimi nilidhani na wewe umeshasema."

Jemima alikuwa akifunga wavu juu ya katoni za soda. Aliuvuta mpaka ukakaza. "Mimi sikujua kwamba huwa inasemwa," akajibu.

Hakuwa na hasira naye. Kilichomuumiza ni kwamba maneno ya Reino yalikuwa na ukweli ndani yake. Hakutaka kupita. Wenzake walikitaka kiti cha kulia kama ngazi ya kufikia ndege kubwa na miji mikubwa. Yeye alikitaka kwa ajili ya dakika chache tu, zile za kukivuka kisiwa na kuuona uwanja wa changarawe wa Wapistan ukija mbele yake badala ya kupita dirishani ubavuni. Na kwa sababu alikitaka hivyo, ndiyo maana alikuwa hakipati.

Alipewa likizo ya Krismasi. Asubuhi ya kuondoka aliipakia ndege mwenyewe, maana watu walikuwa wachache, kisha akavua koti la kazi akapanda kama abiria, akaketi nyuma karibu na masanduku ya machungwa. Mbele, katika kiti cha kulia, alikuwepo Tristan. Jemima alitazama kisogo chake njia nzima. Mto, msitu ulioungua, kisiwa: vyote vilipita chini, na yeye aliviona kipande kipande kupitia dirisha dogo lililoganda pembeni.

Watu wa Wapistan walikuwa wamesikia kwamba Jemima anakuja. Hakuna aliyekuwa amewaambia anakuja vipi. Pikipiki za theluji zilikuwa zimejipanga kando ya uzio, na Shangazi Ruby alikuwa amekuja na simu yake mkononi tayari kupiga picha ya kioo cha mbele. Mlango wa abiria ulipofunguliwa na Jemima akashuka, simu ile iliteremka taratibu.

Mjomba Elias ndiye aliyeanza.

"Haya, rubani wetu kashuka! Kashukia mlango wa machungwa."

"Mjomba, niache."

"Sasa ulikuwa unaiendesha kutoka huko nyuma? Kwa rimoti?"

"Elias, funga mdomo," alisema Shangazi Ruby. "Baridi itaingia ukafe."

Watu walicheka, na Jemima alicheka nao, kwa kuwa kwetu mtu asiyetaniwa ni mgeni. Lakini Bibi Juliette hakucheka. Alikuwa amekwenda na kofia yake nyekundu mpaka kwenye pua ya ndege akimtazama Tristan, ambaye alikuwa anashusha mizigo kwa haraka huku macho yake yakiwa chini. Bibi alimpa mkono, akamuuliza kwa Kianishinini yeye ni mtoto wa nani. Tristan hakuelewa. Alitabasamu tu, akasema Krismasi njema.

Nyumbani walikula supu ya bata bukini na mkate wa banoki. Baada ya chakula Jemima alibaki na bibi yake mezani na kumweleza mambo yote: kahawa, Larocque, na kwamba wanaotishia kuondoka ndio wanaopewa.

"Basi utafanyaje?" aliuliza Bibi.

"Nitaondoka, Bibi. Si kutishia. Nitaondoka kweli. Larocque anatafuta watu."

"Huyo Larocque ndege zake zinakuja hapa?"

"Haziji. Zinakwenda vijiji vya Island Lake, kule Manitoba, upande wa pili wa mpaka."

"Watu wa kule wana bibi zao."

Jemima aliinamisha kichwa. Alikuwa amelifikiria jambo hilo tangu walipokuwa angani, lakini hakuwa amelisikia likisemwa.

"Nikikaa Fenwick, Bibi, nitapakia mizigo mpaka mikono iishe nguvu. Kila mwaka atakuja mmoja anayetishia. Nisiporuka mahali fulani, sitaruka kamwe."

"Sijakukataza." Bibi alikusanya makombo ya mkate kwa kiganja. "Nasema tu mimi nitaendelea kwenda uwanjani. Miguu imeshazoea."

Jemima alimpigia Larocque akiwa jikoni kwa Shangazi Ruby, shangazi akiwa amesimama karibu kabisa, anajifanya anaosha sufuria.

"Leseni unayo?" sauti ya Larocque iliuliza.

"Ninayo. Na nimepakia ndege kwa Hollinrake miaka miwili."

"Miaka miwili! Bado unaweza kunyoosha mgongo?"

"Naweza."

"Buti za baridi unazo?"

"Ninazo."

"Jumatatu uwe hapa. Nitakujaribu asubuhi, ukifaulu mchana unaruka. Marubani wangu wawili wamekimbilia kusini, sina mtu."

Simu ilikatika. Shangazi Ruby aliacha kusugua.

"Ndiyo hivyo tu? Hata hajakuuliza umri?"

"Ameuliza buti, Shangazi."

"Miaka miwili wewe unachunguzwa na Mfini, na huyu kauliza buti!" Alirusha kitambaa kwenye beseni, kisha akamkumbatia mpwa wake kwa mikono yenye maji.

Jemima alipita Fenwick kumuaga Reino. Alimkuta kwenye banda, amelala chini ya bawa akikagua gurudumu. Mzee alisikiliza akiwa hukohuko chini, zikaonekana buti zake tu. Kisha akajivuta nje.

"Ulisema hutaondoka."

"Sikusema, mzee. Ulisema wewe."

Reino alifuta mikono kwa tambara, kidole baada ya kidole. "Nipe mpaka masika. Barafu ikiyeyuka nitakuwa na kiti, nakuapia. Tristan hatamaliza mwaka."

Hapo ndipo Jemima alipokaribia kukubali. Masika si mbali. Aliiona tayari asubuhi ya Mei, ziwa limefunguka, bibi yake amesimama kwenye uzio. Lakini aliiona pia asubuhi hiyohiyo akiwa na koti la kazi, akiinua mkono ndege ikiondoka, na mtu mwingine aliyetishia akiwa mbele.

"Masika yaliyopita pia nilikuwa hapa," alisema.

"Najua."

"Basi kwaheri, mzee."

"Subiri." Reino alimshika mkono, akaushikilia mkononi mwake. "Wewe ndiye niliyekuwa nakutazama kuliko wote. Kumbe nilikuwa natazama mikono ya kupakia tu."

Mchana Jemima alipata lifti ya lori kwenda magharibi.

Larocque alimjaribu Jumatatu asubuhi kama alivyoahidi, na mchana akamketisha kiti cha kulia kando ya kapteni aitwaye Murdo Flett, mtu mnene mwenye sauti ya chini aliyezaliwa Island Lake na aliyewajua abiria wake wote kwa majina ya utani. Jemima aliruka siku ile, na kesho yake, na wiki zilizofuata. Alikuwa mzuri. Murdo alimwachia kutua mapema kuliko ilivyo kawaida, akamwambia ana mkono mwepesi. Jioni zingine, akiwa anaandika saa zake za kuruka, Jemima alihisi furaha iliyo wazi kabisa, ile aliyoiota utotoni kwenye uzio. Kisha akiwaona wazee wa kijiji wakimsogelea Murdo, wakimshika shavu na kumpa samaki waliokaushwa kwa moshi, aligeuka akaenda kushusha mizigo.

Huku kwetu hakuna minara ya kuongoza ndege katika vijiji, kwa hiyo marubani wote hutumia masafa mamoja ya redio kutangaza walipo. Ukiwa juu vya kutosha unawasikia walio mbali sana, hata wa upande wa pili wa mpaka. Mwezi wa Machi, siku moja ya anga safi, Murdo na Jemima walikuwa juu wakielekea magharibi Jemima aliposikia jina la kijiji chake masikioni.

"Wapistan, Hollinrake nne-mbili, maili ishirini kusini, tunakuja kutua."

Ilikuwa sauti ya Tristan. Jemima alimtazama Murdo. Murdo aliinua bega, maana yake: sawa, kama ni kwa ufupi. Jemima akabonyeza kitufe.

"Nne-mbili, huyu ni Jemima."

Kicheko kikasikika. "Jemima! Dada, uko wapi?"

"Juu ya Island Lake. Kwetu kukoje?"

"Kweupe. Hakuna upepo, moshi umesimama. Kisiwa hiki hapa, tumeshakifikia."

Jemima aligeuza uso mashariki. Kulikuwa na misitu na maziwa meupe mpaka mwisho wa macho, na baada ya hapo ukungu wa mbali tu.

"Uwanjani kuna nani?" aliuliza.

"Bado mbali kidogo, subiri tushuke." Dakika chache baadaye sauti ilirudi ikikwaruza, maana ndege ya Tristan ilikuwa inashuka chini ya upeo. "Naona pikipiki mbili za theluji. Na mtu amesimama kwenye uzio peke yake, amevaa kofia nyekundu, ana—"

Redio ilikoroma, ikanyamaza.

"Nne-mbili?" alisema Jemima. "Tristan?"

Hakujibiwa. Tristan na kapteni wake walikuwa wameshashuka mno, redio haiwafikii tena. Murdo alisubiri kwa heshima, akitazama vyombo vyake kana kwamba vina jambo la kusoma, na Jemima aliendelea kusikiliza mkwaruzo mtupu, mkono mmoja ukishikilia kipokea sauti sikioni, mpaka Murdo alipomwambia kwa upole kwamba na wao sasa waanze kushuka.